Vindege vya plastiki: kipi cha nyumbani kinafaa, na kipi kitaharibu kazi?

Rubani_Mdogo:

Wakuu, habarini. Nina seti ya P-38 Lightning, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili, ya kipimo cha 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), na hii ni ndege yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya vipande vichache, nikaimaliza kwa gundi yake na rangi za brashi. Hii ina mikia miwili, injini mbili, gurudumu la mbele puani, na picha ya kwenye boksi inaionyesha ikiwa bati tupu linalong'aa, haina rangi kabisa.

Vifaa maalumu sina. Sina vibanio vya modeli, sina bomba la kupulizia rangi, wala zile chupa ndogondogo za dawa za kila aina. Nataka kujua humu ndani ya nyumba kuna nini kinachoweza kushika nafasi yake.

Maungio ya bodi nitayabanaje yakauke bila kuteleza? Mianya nizibe kwa nini? Maelekezo yanasema niweke uzito puani, lakini hayasemi uzito gani wala nijuaje kwamba unatosha. Mng'ao wa bati nitaupataje? Na kuna mtu kaniambia dawa ya kutoa rangi ya kucha inaunganisha plastiki kuliko hata gundi yenyewe. Ni kweli? Maana hiyo ipo nyumbani chupa nzima.

Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali. Sina haraka.

---

Kipanga72:

Karibu sana mkuu. La kubana ndilo jepesi: vibanio vya nguo vya mbao. Chomoa ile springi, geuza zile mbao mbili mgongo kwa mgongo, kisha irudishe. Unapata kibanio chenye ncha nyembamba na bapa kinachoingia hata kwenye ukingo wa bawa. Kwa bodi ndefu tumia mipira ya kufungia noti, ila usiikaze sana, plastiki ikiwa bado laini kwa gundi inapinda na kukauka hivyohivyo.

P-38 ina shida yake peke yake: ile mikia miwili lazima iende sambamba. Chukua karatasi ya mirabamraba ya daftari la hesabu, chora mstari wa katikati na mistari miwili ya mikia, weka ndege juu yake, kisha tegemeza kila upande kwa viboksi vya kiberiti mpaka ikae sawa. Itazame kwa mbele na kwa nyuma kabla gundi haijakaza. Bawa la mkia likikauka upande, kila anayeingia chumbani ataliona.

---

Mzee_wa_Msasa:

Mdogo wangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia ndege: hiyo dawa ya kucha iache ilipo.

Seti yako ni ya plastiki iitwayo polistairini. Gundi ya modeli haishiki kwa kunata kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kidogo uso wa kila kipande, plastiki mbili zinachanganyika, kisha kiyeyushi kinaruka hewani na kinachobaki ni plastiki moja. Dawa nyingi za kucha ni asetoni, na asetoni kweli inayeyusha polistairini. Ndiyo maana huyo mtu akaona inaunganisha. Lakini inakula kwa fujo, inaruka kabla hujakiweka kipande sawasawa, na inaacha uso mweupe uliochakaa, mistari yote midogo inayoonyesha mipaka ya mabati ya ndege imefutika. Tena ndani yake kuna maji, mafuta na manukato. Na zile zilizoandikwa kuwa hazina asetoni zisikupe moyo: nyingi zinatumia ethili asetati, nayo inaila plastiki hiyohiyo.

Mimi vitu vya nyumbani nimevigawa mafungu mawili. Vinavyoshika, kukwangua, kubana au kutegemeza, tumia upendavyo. Vya majimaji, kila kimoja kipitie kwanza kwenye fremu, ile miti ya plastiki iliyobeba vipande. Fremu ni plastiki ileile ya ndege yako, imetoka kwenye kalibu moja na mabawa. Dondoshea tone, liache mpaka kesho, kisha kwaruza kwa ukucha. Pakiwa peupe, laini au panata, umepata jibu bila kupoteza kitu. Kwa hiyo fremu usiitupe hata kipande, utaona hapa chini inavyofanya kazi mara tatu.

Kabla ya yote, osha fremu nzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani. Vipande hutoka kiwandani na utelezi wa dawa ya kalibu, na vidole vyako vinaongeza mafuta. Rangi ikibabuka baadaye, mara nyingi chanzo ni hapo. Mswaki huo utunze. Kila baada ya msasa unatoa vumbi lililoingia kwenye mistari.

Msasa wenyewe: tupa za kucha za karatasi ni nzuri mno. Zina upande mkali na upande laini, unazikata kwa mkasi upate upana unaotaka, na unaweza kuzichonga ncha ziingie kwenye kona. Zile za povu zenye pande nne unamalizia nazo, ule upande wa mwisho unaacha plastiki inang'aa.

Mianya. Hapa fremu inafanya kazi ya kwanza. Katakata vipande vyake vidogo, vitumbukize kwenye gundi ya maji ya modeli iliyobaki robo chupa, funga, acha usiku mmoja. Utapata uji mzito wa plastiki. Upake kwenye mwanya kwa kijiti cha meno, uache siku mbili ukauke kabisa, kisha piga msasa. Kwa kuwa ni plastiki ileile, hakuna mpaka unaoonekana na unaweza kuchora tena mstari wa bati juu yake. Usipake tabaka nene mara moja, viyeyushi vilivyonaswa ndani vitalainisha na kuzamisha uso wa bawa.

Ukitaka cha haraka, jaza mwanya supaglu kidogo, nyunyizia bekingi soda juu yake. Inaganda papo hapo. (Iwe bekingi soda yenyewe, siyo bekingi pauda, ile ina wanga ndani.) Inatoa joto na moshi kidogo, kwa hiyo usiiinamie, na fungua dirisha. Pia piga msasa ndani ya saa ileile. Ukiiacha mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki ya pembeni, na msasa utachimba plastiki huku kilima chako kimesimama.

Supaglu hiyo usiisogeze karibu na vioo vya chumba cha rubani. Mvuke wake unaganda juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao. Inakauka ikiwa angavu, haili plastiki, na ikimwagika unafuta kwa kitambaa chenye maji. Tena inaziba ufa mdogo kati ya kioo na bodi kwa wakati mmoja. Kioo kikiwa na mikwaruzo, kisugue kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida (siyo ile ya jeli) na kitambaa laini, mizunguko midogo, kisha suuza.

Uzito wa puani. P-38 ina mikia mirefu nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo bila uzito itakaa kwa mikia. Kabla ya kufunga bodi, shikiza ndege yote kwa seloteipu ya karatasi: mabawa, mikia, bawa la nyuma, kila kitu. Weka penseli mezani, laza ndege juu yake ili penseli ipite chini ya mikia yote miwili pale miguu ya magurudumu makubwa inapoingia. Sasa pachika vitu vizito puani kwa teipu mpaka pua iinamie mbele yenyewe, kisha ongeza kidogo. Nati ndogo za chuma, gololi za beringi, vipande vya boliti, vyovyote vinavyoingia. Pua ya P-38 ni nyembamba, kwa hiyo tumia pia nafasi ya mbele kwenye injini zote mbili. Chochote kilicho mbele ya ile penseli kinakusaidia, na kadiri kilivyo mbele zaidi ndivyo kinavyohitajika kidogo.

Wengi hutumia risasi za kuvulia samaki. Zinafaa, ni nzito kwa umbo dogo, ila sikiliza jambo hili: usizishikize kwa gundi nyeupe. Asidi kidogo iliyomo kwenye gundi hiyo inaishambulia risasi, unga mweupe unaota, unatanuka taratibu, na baada ya muda pua inapasuka kwenye maungio wakati ndege iko kabatini. Risasi shikiza kwa epoksi au supaglu. Usiipige msasa, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni.

Kazi ya pili ya fremu ni nyaya za antena. Hii inastahili mshumaa na jioni tulivu. Kata urefu wa penseli, shika ncha mbili, uzungushe polepole juu ya ncha ya mwali, siyo ndani yake. Plastiki itaanza kumeremeta, kisha katikati itanyong'onyea. Hapo ondoa kwenye moto, hesabu moja, halafu vuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba sana, ukivuta taratibu unapata waya. Ushikilie umenyooka mpaka upoe, ni nukta chache tu. Unywele wa mtu una kama milimita 0.07. Ukiuzidisha mara 72 ni waya wa milimita 5 hivi kwenye ndege halisi, tayari mnene. Uzi wa fremu unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele. Ushikize kwa tone la gundi nyeupe kila upande, na kama umelegea, sogeza chini yake kijiti cha udi kinachofuka bila kugusa. Unajikaza wenyewe mbele ya macho yako.

---

Rubani_Mdogo:

Mzee shikamoo, na asante sana. Fremu za ile ndege ya kwanza nilikuwa nimezifunga niende kuzitupa, nimezirudisha. Jaribio la penseli nimelifanya jana kwa teipu na nati, na kweli pua peke yake haikutosha, mpaka nilipoweka kwenye injini.

Bado mng'ao wa bati. Nimeona rangi ya fedha ya brashi inaacha michirizi. Karatasi ya alumini ya jikoni inawezekana? Na kazi ya tatu ya fremu hukuitaja.

---

Mzee_wa_Msasa:

Marahaba. Kazi ya tatu ni kushikilia: kata kipande, kigundishe kwa tone dogo mahali pasipoonekana, upate mpini wa kupakia rangi vitu vidogo kama magurudumu. Uchomeke kwenye povu la boksi ukaukie hapo.

Karatasi ya alumini inawezekana kabisa, na kwa ndege kama yako mimi sioni rangi inayoifikia. Mwaka 1944 jeshi la Marekani liliacha kupaka rangi ya kujificha kwenye ndege zake nyingi mpya, kwa hiyo bati tupu ndiyo sura halisi ya P-38 za wakati ule. Tena hesabu inakubali: karatasi ya kawaida ya jikoni ina unene wa takriban milimita 0.016. Zidisha kwa 72, unapata milimita 1 na kidogo, haiko mbali na bati la ndege yenyewe.

Uso wa plastiki lazima uwe laini kabisa kwanza, kwa sababu karatasi hii haifichi kitu. Punje moja ya vumbi itaonekana kama kipele. Paka koti jembamba la vanishi ya mafuta ya mbao, baada ya kuijaribu kwenye fremu, na usubiri mpaka ibaki kunatanata tu bila kulowesha kidole. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko bati moja la ndege. Fanya bati moja kwa wakati, usithubutu bawa zima. Kilaze, kibonyeze katikati kwa kijiti cha pamba cha masikio, kisha sukuma kuelekea kingo ili hewa itoke. Endelea kusugua mpaka mstari wa bati ulio chini uchomoze. Chukua wembe mpya, pita kwenye mstari huo kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza, vuta ziada. Wembe ukiwa butu unachana badala ya kukata, kwa hiyo badilisha mapema.

Sasa kuna uzuri mmoja hapa. Tazama karatasi kwa karibu utaona mistari midogo inayoelekea upande mmoja, alama za rola za kiwandani. Bati moja iweke mistari iende mbele, la jirani igeuze kwa pembe mraba. Mwanga ukipita juu ya bawa, kila bati linajibu tofauti, kama kwenye picha za ndege halisi. Upande uliofifia nao utumie hapa na pale, hasa karibu na injini.

Penye mviringo wa pande mbili, kama pua na mbele ya injini, karatasi inakunjamana. Tumia vipande vidogo sana, au paka rangi ya fedha hapo peke yake. Macho yakishaona mabati yaliyobaki yanakubali.

Karatasi hiyohiyo ikatie mikanda ya kiti cha rubani. Teipu ya karatasi ina unene wa kama milimita 0.1, yaani mkanda wa milimita 7 kwa rubani wa kweli. Alumini inalala kwenye kiti na kujikunja kama kitambaa.

Mizinga ya puani: sindano za hospitali zilizo mpya, zikatwe ncha kwa uangalifu. P-38 ina bunduki nne na mzinga mmoja wa milimita 20, kwa hiyo chagua ukubwa mbili. Zile zilizokwisha kutumika kwa mgonjwa usiziguse. Masizi ya turbo (mitambo ya kuisukumia injini hewa) zilizo juu ya mikia, kwaruza chaki nyeusi na ya kahawia kwenye msasa, paka unga wake kwa brashi laini ya vipodozi. Kingo zilizochakaa na mdomo wa bunduki, sugua kwa risasi ya penseli.

---

Tiara_ya_Povu:

Shikamooni wakubwa. Mimi natengeneza zinazoruka, za povu la vifungashio, naomba niongeze kwa watakaosoma huku wakiwa na povu mkononi badala ya seti.

Povu ni polistairini pia, ila imejazwa hewa, kwa hiyo kila alichosema Mzee kuhusu viyeyushi kinakuwa kikali zaidi. Supaglu ya kawaida inachimba shimo, rangi ya kopo la kupulizia inakunja bawa lote. Gundi nyeupe ndiyo rafiki, na rangi za maji. Mrija wa kunywea unapitisha mhimili wa propela, mpira wa kufungia noti ndiyo injini. Uzito nao tunauwekea hesabu: ndege isawazike vidoleni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiwa nzito nyuma ya hapo itapanda, itasimama hewani na kuanguka.

Na msidhani ni mambo ya watoto. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha modeli yake ya ndege inayoendeshwa kwa mpira uliosokotwa mjini Paris mwaka 1871. Mwaka 1878 baba yao Orville na Wilbur Wright, ndugu waliokuja kurusha ndege ya kwanza ya injini, aliwaletea kijihelikopta cha kuchezea kilichotokana na kazi ya Pénaud, cha mwanzi, kizibo, karatasi na mpira. Na mwaka 1899 Wilbur alikuwa na boksi la karatasi la mpira wa baiskeli mkononi, akalipindapinda, akaona jinsi ya kuyapinda mabawa ili kuiongoza ndege. Boksi tupu la dukani.

---

Rubani_Mdogo:

Dada asante, hilo la boksi nimelipenda sana. Mzee, la mwisho: taa za ncha za mabawa kwenye seti yangu ni vinundu vya plastiki ya kijivu. Nipake tu?

---

Mzee_wa_Msasa:

Unaweza, lakini ifanye vizuri zaidi. Kata kinundu, toboa kishimo kidogo, kipake fedha ndani. Dondoshea gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno mpaka ivimbe kidogo, iache ikauke. Itasinyaa, ongeza tone la pili. Ikishakuwa angavu, paka rangi ya maji iliyozimuliwa sana ili fedha ya chini ionekane. Kwa taa kubwa zaidi, kata kile kiputo cha plastiki cha pakiti ya vidonge, utapata lenzi iliyokwisha kuumbwa. Nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, ukihesabu ukiwa umekaa mahali pa rubani.